Kabla Hamjatia Sufuria Motoni: Mwongozo kwa Wanafunzi Wanaotaka Kuwahudumia Wasio na Makao Kisangani

Mara ya kwanza tulikwenda na sufuria mbili kubwa, moja ya wali na moja ya maharagwe, jioni ya Jumamosi, karibu na soko kuu la komini ya Makiso. Tulikuwa wanafunzi kumi na saba wa promosyo moja, yaani wa mwaka mmoja wa masomo, na mchango tuliukusanya kwa wiki tatu. Tulipofika, watoto walikuwa kama thelathini. Kabla mwiko haujaingia mara ya kumi walikuwa wameongezeka mno, wakubwa wanawasukuma wadogo, na sufuria ya maharagwe ikapinduka. Mvulana mmoja aliungua mguu. Usiku ule tulirudi kampasi kimya kimya, na miezi mitano ikapita bila hata mmoja wetu kukanyaga tena pale.

Siku moja nilipita peke yangu. Mtoto aliyekuwa amejilaza juu ya meza ya muuza viatu aliinua kichwa akaniambia, "Ya, mulisema mutarudia siku ya posho." "Ya" ni kaka au dada mkubwa, na siku ya posho kwa Kiswahili chetu cha Kongo ni Jumamosi. Kweli nilisema. Nilisema nikiondoka, kama mtu anavyoaga tu. Yeye alilichukua neno lile kuwa ahadi, akawa anahesabu Jumamosi moja baada ya nyingine.

Tangu wakati huo nimefuatana na makundi kadhaa ya wanafunzi, na ushauri wangu wote unaanzia kwenye meza ile ya viatu. Wali wetu ulimshibisha jioni moja. Ahadi yetu ilimweka akingoja miezi mitano. Kwa hiyo hatua zifuatazo nimezipanga kuanzia kwenye kurudi, halafu ndipo nikafika kwenye chakula.

Hatua ya kwanza: andikeni tarehe nne

Kundi likikutana kwa mara ya kwanza, CP, yaani kiongozi wa promosyo, asianze na mchango. Afungue kalenda ya mwaka wa masomo, atafute siku nne zilizopishana kwa wiki tatu hivi, mbali na sesyo ya mitihani. Zikipatikana, ziandikwe, na kila mtu aseme mbele ya wenzake ni zipi atakazokuwepo. Zisipopatikana, msiende kama kundi. Tafuteni parokia, msikiti au kanisa ambalo tayari linawatembelea watu hao kila juma, mwende chini yao, mchambue mchele na kubeba maji. Hiyo ni kazi halali na yenye heshima, na wale mnaowahudumia hawatabaki wakiwasubiri ninyi.

Angalieni na mvua. Kisangani iko kaskazini kidogo tu ya mstari wa Ikweta, na hakuna miezi ambayo mvua inakatika kabisa. Januari na Februari hupungua, na kuanzia Septemba hadi Novemba humwagika hasa. Mwenye nyumba huisikia mvua juu ya bati na kulala vizuri zaidi. Aliyelala kwenye baraza ya duka husimama mgongo ukutani mpaka ikatike, wakati mwingine hadi alfajiri. Wanafunzi wengi hupanga safari yao Februari kwa sababu njia ni kavu. Nawaomba angalau tarehe mbili kati ya zile nne ziangukie miezi ya mvua.

Hatua ya pili: chagueni mnamwendea nani

"Wasio na makao" ni jina moja lililobeba watu wa aina nyingi, na kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwingine.

Wapo watoto wa sokoni, bandarini na kwenye baraza za maduka ya Makiso. Mjini huitwa shege, wakiwa wengi bashege. Ukienda Goma au Bukavu utasikia maibobo. Kundi lenu liyaache majina hayo tangu mkutano wa kwanza, maana linalozoeleka kikaoni litatoka mdomoni siku ya safari. Wengi wa watoto hao wana nyumba wanayoijua na mtaa wanaoweza kuutaja. Mmoja alifiwa na mama, baba akaoa, chakula kikaanza kupimwa. Mwingine aliambiwa ni mchawi: mdogo wake alipougua, jicho likamwangukia yeye.

Juu ya jambo hili la uchawi simameni imara. Katiba ya Kongo ya 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtelekeza mtoto, kumtesa, na kumshutumu kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu kwa anayemshutumu hivyo, na inamtaja mtoto aliyekataliwa, aliyetelekezwa au anayezurura kuwa ni mtoto aliye katika hali ngumu, mwenye haki ya ulinzi wa pekee. Ndiyo maana sikubali kundi liende kwa watoto pamoja na mhubiri wa kukemea mapepo, hata akiwa rafiki yetu, hata akiwa amechangia mchele. Mtoto aliyefukuzwa kwao kwa maneno hayo atayasikia tena kutoka kwetu, safari hii yakiwa na sahani ya chakula mkononi.

Wapo pia waliohamishwa na vita, ambao mji huwaita madeplase. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo uliwaingiza Wambole na Walengola katika mauaji na uchomaji wa nyumba. Makumi ya maelfu waliacha mashamba, na wengi walikimbilia Lubunga na komini nyingine za mji, wakalala katika madarasa, makanisa, na vibanda vya maturubai. Kabla ya kupanga lolote ulizeni nani bado yupo na nani amesharudi kwao, kwa sababu hali hubadilika. Hawa ni familia zenye wazee na komite yao. Jana walikuwa wakulima wenye ndizi za kuuza. Leo kupanga foleni ya sahani kunawauma. Katika kundi lenu huenda wamo Wambole na Walengola pia. Zungumzeni nao kwanza, faraghani, mjue nani ataweza kwenda wapi bila hofu, na pale mtakapofika mtu yeyote asiulize kabila la mtu.

Halafu wapo wazee walio peke yao, hasa akina mama wajane, na wagonjwa wa akili. Hawa hawaji kwenye foleni kamwe. Kila mara hubidi mtu mmoja aondoke kwenye kundi awafuate walipo.

Chagueni aina moja kwa tarehe zote nne. Kundi linalogusa wote kwa siku moja hurudi na picha nyingi na halimjui mtu hata mmoja kwa jina.

Hatua ya tatu: tangulieni mikono mitupu

Wiki mbili kabla ya tarehe ya kwanza, watu watatu waende bila chakula wala zawadi. Mmoja wao awe mwanamke, na kati yao awepo anayesema Kiswahili vizuri na anayesema Kilingala vizuri, kwa sababu watoto wa Kisangani huchanganya zote mbili katika sentensi moja. Kwa watoto wa sokoni, wakati mzuri ni kabla jua halijachomoza, wakiwa bado wamelala au ndio wanaamka. Ndipo mtakapowaona wadogo kabisa, ambao mchana hujificha. Salimieni akina mama wanaouza chai na mikate ya asubuhi, na walinzi wa usiku wa maduka. Mama mmoja wa chai anajua nani mgonjwa, nani mgeni wa juma hili, nani huwapiga wenzake, na saa ngapi askari hupita. Nunueni chai yake mkae.

Katika wiki hiyo hiyo pelekeni barua yenye muhuri wa fakalte kwa shefu wa kartie, na nakala kwa ofisi ya Mambo ya Kijamii, inayojulikana zaidi kwa herufi zake, DIVAS. Lubunga onaneni na komite ya waliohamishwa wenyewe kabla ya kiongozi mwingine yeyote.

Sasa kalamu. Ikiwa kuna jambo moja ambalo wageni hulikosea Kisangani, ni hili. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa mizinga, na kila ukoo una habari ya kusimulia juu ya siku zile sita. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, na mfuko wa kuwagawia wahanga, FRIVAO, uko hapa hapa mjini. Basi kijana akionekana mtaani ana daftari na anauliza majina, watu huelewa kwamba orodha ya malipo imefunguliwa. Nimemwona mzee akienda kuchukua cheti cha kifo cha mwanawe, kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, amletee mwanafunzi aliyekuwa anahesabu tu sahani. Uso wa mzee yule alipoambiwa ukweli sitausahau. Hesabuni kwa macho. Majina yawekeni kichwani, mkayaandike mkifika kampasi. Ikibidi kuandika mbele ya watu, simameni kwanza mseme kwa sauti kwamba karatasi hii ni ya chakula cha leo na haina malipo yoyote nyuma yake.

Hatua ya nne: gawanyeni pesa kabla haijatumika

Chochote mtakachokusanya, kigawanyeni siku hiyo hiyo. Nusu ni ya chakula na sabuni kwa tarehe tatu za kwanza. Robo ni ya wagonjwa: fishi (kadi ya mgonjwa) ya kituo cha afya, dawa, na nauli ya kufika huko. Robo iliyobaki msiiguse hadi tarehe ya nne. Ishikwe na watu wawili wa vyumba tofauti. Wanaojua likelemba, ile akiba ya zamu, wanajua kwa nini.

Fulana zenye jina la kundi nazikataa kabisa. Gharama ya kuchapisha fulana kumi na saba hulipa fishi za watoto wengi, na mama aliyelala chini ya turubai hana haja ya kusoma kifuani mwenu kwamba anahurumiwa.

Hatua ya tano: chakula

Kwa watoto wa sokoni nimeacha wali. Nawapelekea kwanga. Ni muhogo uliovundikwa, ukapondwa, ukafungwa katika majani na kupikwa; kwanga hukaa siku kadhaa bila kuharibika, haihitaji sahani, haiunguzi mtu, na inaweza kukatwa vipande vilivyo sawa kabisa. Kuongezea, wekeni yai la kuchemsha na karanga katika karatasi. Fungeni mafungu yote yalingane, nyumbani, usiku wa kuamkia safari, na mafungu kumi yawe ya ziada. Fujo za kwetu siku ile zilitokana na sufuria: mtoto akiona sufuria haoni kilichobaki chini, kwa hiyo anasukuma. Akiona kapu la mafungu yaliyolingana, ananyoosha mkono.

Karanga zichagueni moja moja. Yenye ukungu au iliyonywea na kubadilika rangi itupwe, kwa sababu sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kukaangwa na huharibu ini.

Kwa waliohamishwa Lubunga, pelekeni vitu vibichi mwaache akina mama wa pale wapike. Kwa watu 40 chukueni mchele kilo 6, maharagwe kilo 3, lita moja ya mafuta ya mawese, chumvi, vitunguu, na makala. Maharagwe yalowekwe tangu usiku uliotangulia, la sivyo mtakula magharibi. Mchele nunueni wa wakulima wa mkoa wetu wa Tshopo, pesa ibaki humu. Siku mojawapo kati ya nne pelekeni ndizi. Mama mmoja aliyeacha shamba lake lote la migomba alichukua mchi kutoka mikononi mwa dada wa fakalte ya sheria, akatwanga lituma, ndizi za kupondwa, ya watu arobaini, huku anatufundisha ndizi ichemke kiasi gani na kwa nini yetu ingeleta mabonge. Alikuwa mwenyeji wetu siku hiyo. Tulikaa chini tukala alichotupa.

Wali uliokwisha kupikwa usikae zaidi ya saa mbili kwa joto la mji huu kabla ya kuliwa. Mkipikia ng'ambo hii ya mto na mtumbwi ukachelewa, wali huo mwageni, hata ikiuma.

Na kila kitu cha pakiti kigeuzeni msome tarehe. Mfanyabiashara mwema anaweza kuwapa bure katoni ya maziwa ya unga au biskuti zilizopitwa na wakati, na jaribu la kuzipokea ni kubwa kwa sababu watu wana njaa. Hapo mkumbukeni Floribert Bwana Chui wa Goma. Alizaliwa mwaka 1981, akawa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, na aliwapenda watoto wa mitaani wa mji wake, akawa rafiki yao na kuwasaidia wasome. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichoharibika, akatekwa na kuuawa mwezi Julai, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Ninapomwona mwanafunzi amesimama sokoni anageuza kopo la maziwa kutafuta tarehe, na muuzaji anamharakisha, namwona mtu wa kwetu aliyesimama hivyo hivyo.

Zawadi zaidi ya chakula zipimeni kwa swali moja: je, mtoto ataweza kukila au kukificha kitu hiki kabla ya usiku? Blanketi jipya au viatu vipya humletea kipigo mara giza likiingia. Sabuni iliyokatwa vipande na mswaki humfaa. Kwa familia za Lubunga ni kinyume: turubai, sufuria, jembe, na bidoni yenye kifuniko hudumu kuliko mfuko wa mchele.

Hatua ya sita: kuvuka mto

Lubunga ndiyo komini pekee kati ya sita za mji iliyo ng'ambo ya kushoto, na hakuna daraja juu ya mto Kongo hapa Kisangani. Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani mnaweza kufika kwa pikipiki, na mizigo ikabebwa na vijana wa toleka kwenye baiskeli zao. Lubunga ni mtumbwi, au kivuko kikiwa kinafanya kazi.

Vukeni asubuhi. Upepo unaotangulia mvua ya alasiri huinua mawimbi ambayo mtumbwi mwembamba hauyawezi, na kila mwaka mto huu huchukua watu. Kodini mtumbwi wenu wenyewe wa injini, mkatae abiria wa kuongeza njiani, na mizigo ivuke peke yake. Jile za kuokolea ziwe idadi ya watu, na zivaliwe, zisiwe za kukalia. Nahodha akitazama mawingu akasema tungoje, mngoje. Wa kwanza kushuka awahesabu wote, na kurudi hesabu irudiwe. Anzeni kurudi kabla ya alasiri, mtafika bila haraka.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Nendeni wachache. Kumi wanatosha, kumi na saba walikuwa jeshi. Gawanyikeni wawili wawili, na msiachane: mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mahali ambapo wengine hawawaoni, mvulana kwa msichana, msichana kwa mvulana, yeyote kwa yeyote. Katazo hili lisomwe kwa sauti kabla ya kuondoka, na anayeliona zito abaki.

Picha zisipigwe kabisa. Simu zikae mfukoni. Mtoto wa miaka tisa hawezi kukubali kwa niaba ya mtu mzima atakayekuwa, na mama aliyekimbia watu wanaomtafuta hapaswi kuonekana yuko wapi.

Mkifika, tafuteni kiongozi wao. Kila genge la watoto lina mkubwa, mara nyingi kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, na siku ya kwanza sisi tulimfukuza kwa sababu alitutisha. Ilikuwa kosa. Mwiteni kando, mumsalimie kwa heshima, mumwombe awapange wadogo mbele, na mumwambie kwamba atakula pamoja nanyi mwishoni. Sijaona kijana aliyekataa kazi hiyo. Wengine walikuwa wanawabeba wadogo mgongoni muda wote, ila hatukuwa tumetazama.

Nawisheni mikono kabla ya kugawa, kila mtu, kuanzia ninyi. Bidoni yenye koki, maji yaliyotiwa klorini, sabuni. Kipindupindu kilipoupiga mkoa wa Tshopo mwaka 2025 kiliwakuta vibaya zaidi wale wanaochota maji mtoni na wasio na choo, yaani hawa hawa.

Mzee ni Papa, mwanamke ni Mama fulani kwa jina la mwanawe, na mtoto mwiteni kwa jina lake mkilijua, au leki, mdogo wangu. Kaeni chini mnapozungumza nao. Msimuulize mtoto kwa nini yuko mtaani. Ameshaulizwa na askari, na maofisa, na wapita njia, na ana majibu aliyoyatayarisha kwa kila mmoja wao. Mwulizeni anachokipenda, nani rafiki yake, timu gani. Habari ya nyumbani akitaka kuitoa ataitoa, labda tarehe ya tatu, labda asiitoe. Maombi na mahubiri yasitangulie chakula wala yasiwe bei yake.

Ondokeni mkiwa na mwanga. Kabla ya kuondoka mmoja wenu, yule yule kila mara, aseme tarehe ya kurudi kwa sauti, kwa hesabu ya siku za posho: hii inayokuja hatupo, ifuatayo hatupo, ile ya tatu tupo.

Hatua ya nane: mgonjwa

Wanafunzi wa udaktari, nawaomba muache stetoskopu kampasini. Najua mnavyoumia kumwona mtu na homa mkanyamaza. Lakini kidonge cha malaria kilichotolewa barabarani, bila kipimo na bila mtu wa kufuatilia dozi, humponya nusu na kumwacha na nusu. Kinachomzuia mgonjwa huyu ni mlango wa kituo cha afya: hana fishi, hana mtu wa kusimama naye, ananuka, anafukuzwa. Basi wawili wenu waondoke naye, walipe kutoka kwenye ile robo, wakae naye kwenye benchi hadi aitwe. Vaeni makoti yenu meupe hapo. Mlinzi wa mlango atawafungulia.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifungwe bandeji. Anayeharisha aanze kunywa mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo, huku mnampeleka. Akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, msingoje kumaliza kugawa chakula.

Mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele nyekundu na uso wa huzuni ana utapiamlo mkali. Kadhalika mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ambaye mkono wake wa juu unapima chini ya milimita 115. Msimpe sahani kubwa kwa kumhurumia. Mwili uliozoea njaa muda mrefu unaweza kufa kwa kushibishwa ghafla. Ana maziwa yake maalumu na ratiba yake katika kituo cha lishe. Mpelekeni siku hiyo hiyo pamoja na mama yake.

Hatua ya tisa: mtoto anayesema, "Nataka kwenda nyumbani"

Atasema tarehe ya tatu, mara nyingi mkiwa mnaondoka. Msimchukue. Msimpeleke chumbani kampasi, wala kwa shangazi yenu mwenye moyo mzuri, wala msimpandishe pikipiki kwenda mtaa alioutaja. Mwambieni mmesikia, na kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo, kisha mpeleke habari zake kwa ofisa wa DIVAS mliyeonana naye katika hatua ya tatu. Ofisa ndiye anayeweza kumhoji baba, kumtafuta bibi, kufika mbele ya mahakama ya watoto ikibidi, na kurudi tena kuona kama bado anapigwa. Mazungumzo na familia huchukua muda, na mtoto aliyerudishwa kwa haraka huonekana sokoni tena akiwa na makovu mapya.

Sehemu yenu ni kumfuatilia ofisa, kwa adabu na bila kuchoka. Ana mafaili mengi, na usafiri hana. Lipeni nauli yake ya kwenda kuiona familia hiyo. Katika miaka yote hii, sijaona pesa ya wanafunzi iliyofanya kazi kubwa kuliko nauli ile.

Hatua ya kumi: sesyo ikikaribia

Tarehe ya nne ndiyo yenye kazi ngumu kuliko zote, na chakula chake kiwe kile kile cha kila siku, bila sherehe. Kama kuna kundi la promosyo ya chini litakaloendelea, lije siku hiyo nalo, likae, lijifunze majina, na mkubwa wa genge atambulishwe kwao. Kama hakuna, semeni hivyo. Waambieni kwamba mitihani inaanza, kwamba kwa majuma sita hamtakuja, na kwamba mama fulani wa parokia hupita kila juma. Watoto watanuna. Mmoja atawaambia alijua. Kaeni naye hadi amalize.

Ile robo ya pesa iliyobaki ndiyo inayotumika sasa: chakula cha siku hii, fishi za wale wenye vidonda visivyopona, nauli za ofisa, na akiba kidogo kwa mama wa chai, ili mtoto akizidiwa usiku wa mvua awepo mtu mwenye pesa ya pikipiki.

Yule mvulana wa meza ya viatu nilimwona kwa miaka miwili. Kila nilipoaga alinyoosha vidole vya mkono wa kushoto na kuvikunja kimoja kimoja, siku ya posho ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akashika kile cha tatu na kunionyesha. Nami nikawa nashika kile kile cha mkono wangu, mpaka anapoachia chake.